Risasi Iliyotua kwa Ubavu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaikum wewe na wote mlioketi hapo barazani Zaina akikusomea. Zaina mdogo wangu, soma pole pole, usiruke mistari, na pale nitakapokusema vibaya usome vilevile.

Goti linaendeleaje, Baba? Mwezi wa saba najua baridi ya hapo haina huruma nalo. Mwambie Mama aache kuosha karoti kwenye kijito alfajiri, asubiri jua litoke, karoti hazikimbii. Mimi ni mzima kabisa, nimenenepa hata suruali ya kaka Idi imenigomea. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu huku kambi ya uwindaji mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, tena kwa foleni, na wewe kwenye simu husikia nusu, nusu nyingine unaitunga mwenyewe.

Nianze na lile ambalo hatukulimaliza. Mwaka jana nilikutumia nyama kavu, ikashuka Mombo salama, ikapanda mpaka nyumbani, na hukuitia mdomoni. Mama aliniambia. Aliniambia uliuliza nani amechinja, hapakuwa na mwenye jibu, ukasema wapewe jirani zetu wa mashamba ya chai. Sikukasirika, Baba, lakini niliumia sana. Hata hivyo ulikuwa na haki, maana hata mimi nilikuwa sijui nani alichinja. Mimi nilikuwa mtu wa kupaka ngozi chumvi bandani, nyama inanifikia ikiwa imeshakatwa. Mwaka huu natuma mfuko mwingine pamoja na barua hii, na kabla hujaufungua nataka ujue kila kitu kilichotokea.

Baada ya misimu mitatu ya chumvi nilimwomba meneja anijaribu kwenye bunduki. Mwenye bunduki hapa kambini ndiye anayetafuta kitoweo cha wafanyakazi, ndiye anayejua mnyama ameanguka vipi, na ndiye anayesimama pale kisu kinapopita. Meneja akakubali, akanipa ile kubwa ya kuwindia nyati. Unaukumbuka mtulinga wangu uliovunjika siku nilipoteleza na tenga la kabichi kwenye ule mteremko wa kwa shangazi? Bunduki ile inapiga teke kama punda, tena inapiga palepale. Mara ya kwanza machozi yalinitoka. Mara ya pili nikawa nafumba macho kabla sijafyatua, na risasi ikaenda inakotaka yenyewe. Usimsomee Mama sehemu hii, Zaina.

Stoo kulikuwa na bunduki nyingine, nyembamba, ya milimita sita, imekaa miaka haina mtu. Nikaijaribu. Teke lake ni kama mtu amekugusa bega kukusalimu. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, wakaniuliza kama nimekuja kufukuza kima kwenye mahindi. Aliyenitetea ni Mzee Sudi peke yake. Huyu ni Mnyamwezi wa Sikonge, mfuata nyayo wetu, mtu wa umri wako, na ndiye mchinjaji wa kambi. Alisema, "Mwacheni kijana. Swala hajui bunduki ina ukubwa gani. Anajua imempata wapi."

Basi, wiki mbili kabla ya msimu kufunguliwa, meneja akatoka nami na Mzee Sudi kutafuta kitoweo. Nikampiga swala pala, hatua zisizofika mia. Sikufumba macho, Baba, wallahi. Mzee Sudi akakimbia na kisu chake, akamkuta ameshakufa. Akainama, akalitazama jeraha kwa muda mrefu, kisha akakifuta kisu ambacho hakikuwa na damu na kukirudisha alani.

"Tundu hili refu," akasema. "Risasi haikuingia kwa ncha yake. Imempiga kwa ubavu wake. Wengine kuleni, mimi huyu siwezi kumla."

Jioni ile Waislamu wote wa kambi tulikula maharage. Meneja naye akasema bega langu bado linaogopa, ndiyo maana risasi inakwenda upande. Akanipa mpaka Ijumaa. Atabandika sahani ya karatasi kwenye hatua mia, nitapiga tatu, zote tatu ziingie kwenye sahani, la sivyo narudi kwenye chumvi.

Kesho yake nikaenda peke yangu kufanya mazoezi. Nikapiga tano. Mbili zilikosa karatasi kabisa, na tatu zilizoingia ziliacha matundu marefu, kama mtu amekanyagia msumari uliolala. Nikaketi chini kuyatazama, na hapo ndipo nilipokusikia wewe.

Unakumbuka somo lile la windo pale madrasa? Ulitueleza kuhusu mshale, kwamba ukimpata mnyama kwa ncha ukamtoboa, huyo ni wa kula, lakini ukimgonga kwa ubavu akafa, huyo ni sawa na aliyepigwa rungu, aachwe. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza sisi watu wa karoti na kabichi tutawinda nini. Darasa zima likacheka. Ukaniambia maneno ya Kishambaa, maana ukikasirika Kiswahili unakiweka pembeni, ukanituma kulijaza maji lile pipa la kutawadhia mpaka lifurike. Ndoo ngapi zile, Baba! Lakini somo halikumwagika. Nilipoyaona matundu yale nikajua kwamba bega langu halina hatia. Bega likiogopa, risasi inakwenda pembeni, lakini inakwenda na ncha yake mbele. Hizi zangu zilikuwa zinafika zimelala.

Nikalichukua boksi la risasi, lile ambalo mgeni mmoja aliliacha msimu uliopita, sote tukalishangilia kwa kuwa lilikuwa jipya. Ubavuni lilikuwa na maandishi madogo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Sasa nikueleze, na Zaina akusomee mara mbili. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka kama ngazi ya mnara. Risasi ikipita inazungushwa, na mzunguko huo ndio unaoifanya iende imenyooka. Ni kama ile pia ya mti tuliyokuwa tukiichezesha uani. Ukiizungusha kwa nguvu inasimama, ukiizungusha kivivu inayumba na kulala. Na risasi ndefu inataka kuzungushwa haraka kuliko fupi. Boksi lilisema risasi hizi ndefu zinataka mtutu unaozungusha mara moja kamili katika kila inchi nane.

Wetu je? Nikachukua ufito wa kusafishia, nikaufunga kitambaa kinachobana, nikachora alama juu yake, nikausukuma taratibu ndani ya mtutu nao unageuka wenyewe pole pole. Alama ilipokamilisha duara nikapima. Inchi kumi. Mtutu ulikuwa mvivu kwa risasi zile, basi. Bunduki haikuwa na kosa, risasi hazikuwa na kosa, wala mimi sikuwa na kosa. Waliozeshwa watu wasioendana, kama ungesema wewe kwenye kesi zako za ndoa.

Nikapekua stoo siku nzima, nikapata boksi kuukuu, kadibodi imeliwa na mchwa, ndani risasi fupi fupi ishirini na mbili. Ijumaa baada ya sala nikalala chini mbele ya kambi nzima. Moyo ulinidunda mpaka nikausikia kwenye kitako cha bunduki. Nikapiga tatu. Meneja akaenda mwenyewe kuitazama sahani, akarudi nayo, akamkabidhi Mzee Sudi. Matundu matatu, duara, madogo kama vifungo vya kanzu, na kiganja kimoja kingeyafunika yote.

Wale waliocheka sasa wanaigombania bunduki ya kima. Nimewaambia wapange foleni kama kwenye kichuguu.

Jumapili nikampiga swala pala mwingine. Nilisema Bismillahi kwa sauti kabla ya kufyatua, kama ulivyotufundisha. Alikimbia kidogo akaanguka. Mzee Sudi alimfikia akiwa bado hai, akamwelekeza kibla, akamchinja, na mimi nilikuwa nimeshika miguu. Halafu akalitafuta tundu, akaliwekea kidole, akacheka na meno yake yote sita. Akaniuliza nani alinifundisha mambo ya ncha na ubavu. Nikamwambia ni baba yangu, Lushoto, na kwamba nililipia kwa ndoo. Usiku ule alikula mpaka akaniomba na sehemu yangu. Nilikuwa na furaha, Baba, furaha ambayo sijaipata tangu nitoke nyumbani.

Nisalimie Mama na umwambie bega ni zima. Nisalimie kaka Idi, suruali yake nitairudisha ikiwa na kiraka. Nisalimie shangazi wa mteremkoni, na mzee muadhini, na wanafunzi wako wote, hasa yule anayeuliza maswali ya kijinga. Usimtukane sana. Wewe mtume maji tu.

Msimu ukifungwa mwezi wa kumi na mbili nitapanda milima, inshallah, na asubuhi ya kwanza utanikuta kwenye pipa la madrasa na ndoo mbili, bila kutumwa na mtu.

Mfuko anao dereva wetu, ataukabidhi Mombo, na kibali cha nyama kimo ndani pamoja na ile sahani ya karatasi. Itazame kwanza sahani. Amepiga mwanao, amechinja Mzee Sudi bin Kassimu, nami nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu.

Kula, Baba.

Mwanao anayekuombea,
Athumani