Kisa cha Kuanzia

Kanduyi, Bungoma, 3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, naomba huko Tuwan kifua chako kiwe kimetulia. Simu ipo, lakini wewe husema barua unaisoma mara mbili.

Nimechaguliwa! Jumanne ijayo nitazungumza na wafanyabiashara kama sitini kuhusu kifua kikuu. Mkufunzi wetu wahudumu wa afya, Bwana Ndirangu, ananinoa. Anasema kwanza nijue nani atakaa kwenye vile viti na ana haraka gani, kisha nichague jambo moja tu la yeye kurudi nalo nyumbani. Takwimu nimezipunguza mpaka zimebaki mbili. Nafanya mazoezi jikoni, saa mezani. Kimebaki kisa cha kuanzia. Ati kisa cha mtu wa kweli ndicho hushika watu. Nadhani nimekipata.

Bintiyo,
Shamira

Kanduyi, 14 Juni

Mama,

Asalaam aleikum. Walinyamaza kabisa! Mwanamke mmoja alijifuta macho kwa leso. Kumi na mmoja walienda kupimwa siku hiyo hiyo. Bwana Ndirangu anataka nirudie mwezi ujao mbele ya wakubwa wa kaunti. Nimekupigia tangu juzi, hushiki. Uko salama?

Bintiyo

Tuwan, Kitale, 22 Juni

Shamira,

Waaleikum salaam. Afya yangu, si umeshawaeleza watu wa Bungoma?

Chemutai, yule anayeniuzia unga, alikuja huko kibiashara, akakaa kwenye viti vyako. Ati ulisema, "Mama mmoja wa Tuwan, mjane, hupika mandazi karibu na msikiti, alificha dawa kwenye mkebe wa majani chai." Hukutaja jina. Tuwan tuko wangapi hao? Dawa nilimaliza Januari, daktari akasema siambukizi mtu. Sasa wateja wanapita upande ule mwingine wa barabara.

Hayo ningemeza. Lakini Chemutai akasema tena, "Binti yako alitutoa machozi, vile alikubeba mpaka hospitali, akakulisha uji kwa mkono wake." Nikakosa mahali pa kuweka uso. Aliyenibeba ni Roselyne, jirani ambaye hata dini yetu si moja. Wewe ulikaa miezi minne bila kukanyaga hapa.

Mama yako

Kanduyi, 25 Juni

Shikamoo mama,

Naona haya hata kukuuliza hali. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za ofisi, nikashindwa kuingia.

Ni kweli yote. Niliogopa. Mimi, na fulana yangu ya mhudumu wa afya, ninayefundisha watu wasikimbie wagonjwa wao. Nilipokuja Desemba ulinimiminia chai, nikasema nimefunga. Sikuwa nimefunga. Ulijua?

Nikiwa napanga maneno, kila nikifika pale pa Roselyne nilijiweka mimi. Mazoezi ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Ya tano, nilikuwa nimeamini.

Ukisema nisiende kwa ule mkutano, siendi.

Shamira wako

Kanduyi, 19 Julai

Mama,

Asalaam aleikum. Hukujibu. Nilipokuja Jumapili ukasema kutoka ndani, "Nina wageni." Mlangoni hakukuwa na viatu. Nikarudi.

Jana nilienda mkutanoni. Tuwan sikuitaja, wala mama yeyote. Nilisema, "Mtu wangu alipougua nilimkimbia. Halafu nikasimama mbele ya watu, nikajisifu kwamba nilimuuguza." Bwana Ndirangu aliinamisha kichwa. Nikasahau hata zile takwimu mbili. Mkubwa mmoja akauliza, "Umemaliza?" Hakuna aliyepiga makofi. Sidhani nitaitwa tena.

Leo nimempigia Chemutai, nimemwambia ukweli. Akakata simu.

Bintiyo, kama bado ni wako

Tuwan, Kitale, 28 Julai

Shamira,

Waaleikum salaam. Kifua hakina neno. Chemutai alikuja juzi, akanunua mandazi manne, akayala amesimama hapo barabarani watu wakimwona.

Mimi bado nina uchungu, sitakudanganya. Ile ya chai nilijua. Ulipoondoka niliimwaga, na kikombe nikakiosha mara tatu, kama mimi ndiye nimekosa.

Njoo Jumamosi. Lakini usianzie kwangu. Pitia kwa Roselyne, ukae, ule atakachokupa, umwambie mwenyewe vile ulimwondoa kwenye kisa chako. Kwangu utakuja jioni.

Mama yako