Kiti cha Dirishani Ujerumani

Dada Zuhura mpenzi,

Nakusihi usimwambie mtu hata neno moja la humu, hasa Baba. Ndiyo maana postikadi hii ya ziwa lililoganda nimeifunga ndani ya bahasha.

Nikija nyumbani likizo nitapitia Ujerumani nimwone Kaka Salim. Tangu Baba alipomfukuza, nani kati yetu amemtia machoni? Jana, kwenye mapumziko ya kazi hotelini hapa Bloomington, Marekani, nilijaribu kununua tiketi ya treni ya huko mtandaoni. Kadi yangu ya benki ikakataliwa. Punde simu ikalia: ni benki. Mama mmoja akauliza kama ni mimi ninayetumia kadi Ujerumani. Nikasimama wima, nikamwamkia, nikamuuliza na hali ya watoto.

Mama Furaha, Mkongo ninayefanya naye kazi mapokezi, akaangua kicheko. "Eh, kijana! Unasimama kama uko mbele ya mwalimu! Sema ndiyo, ni mimi!"

Nikasema. Nilipojaribu tena, kadi ikakubali. Dada, nje theluji inaanguka, mimi sijatoka hata mlangoni, na tayari ng'ambo kule kuna kiti cha dirishani chenye jina langu, cha kunifikisha kwa Kaka! Niliikodolea macho tiketi mpaka Mama Furaha akauliza kama nasali.

Usinipigie jioni nikiwa nyumbani kwa Ami ninakoishi, atasikia na kumfikishia Baba. Niandikie ujumbe tu, uulize hali ya baridi. Ila Ijumaa ya kwanza ya likizo yangu, Baba akishakwenda msikitini, piga simu yangu bila hofu. Atakayepokea ni Salim.

Mdogo wako akupendaye,
Omari