Nyumba ya Robi Imefika Serengeti

Bibi,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeshaitikia na umeshauliza kama nimekula. Nimekula, Bibi. Nimekula ugali wa muhogo wa udaga na dagaa, nimeshiba, nimekaa kitandani kwenye chumba changu cha kupanga huku Serengeti, na nina habari nyingi mpaka sijui nianzie wapi. Acha nianze na kubwa. Ile kazi ya kuhamahama niliyokueleza ukiwa mgonjwa, nimeianza. Na ninaipenda! Ninaipenda hadi naona haya kukwambia, maana niliondoka Matongo turubai la msiba wako likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa.

Unakumbuka nilivyohangaika kukueleza? Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda chako, nikakwambia kuna shirika linatafuta wauguzi wa mikataba mifupi. Kituo ambacho nesi wake amekwenda likizo ya uzazi, au kingine kipya ambacho bado hakijapata watumishi, wanakupeleka huko unaziba pengo kwa miezi michache, mkataba ukiisha unapelekwa kwingine. Ukasikiliza umefumba macho. Nikadhani umelala. Kisha ukasema, "Kwa hiyo wewe ni fahali wa kuazimwa." Mama alicheka hadi akatoka nje. Na mimi hadi leo nikitia sahihi mahali nacheka peke yangu, watu wananitazama.

Lakini siku ile ile ulisema na jambo lingine, na hilo halikumchekesha mtu. Ulisema, "Ukizunguka hivyo, nani atasema mimi nilikuwa na nyumba?" Nilikutengeneza mto, nikakupa maji, nikajifanya nina shughuli jikoni. Wiki hiyo hiyo ukaondoka. Swali lako nikalibeba pamoja na mabegi.

Na mabegi yenyewe! Ungeniona asubuhi ile ungenicheka. Nilibeba sufuria zote, godoro, ndoo mbili, hata kile kinu kidogo, kana kwamba Serengeti hakuna maduka. Tulipopita Nyangoto na vifusi vya mgodi, konda aliniuliza kama nimefukuzwa na mume. Tulipovuka daraja la Mto Mara nikafungua dirisha, upepo ukaniingia usoni, nikajikuta natabasamu kama mjinga. Mtu amefiwa na anatabasamu. Nilitamani uwe kiti cha pembeni unigombeze. Sasa nimejifunza. Begi moja, jiko dogo la gesi, neti, kandambili za wodini, na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni visilowe. Vingine vyote nitavikuta niendako.

Mwenye nyumba wangu anaitwa Mama Zuhura. Ana duka la vitambaa na anapika vitumbua asubuhi, wazee wake walikuja huku Serengeti kutoka pwani kwa biashara, na yeye amezaliwa huku huku. Kiswahili chake ni laini, unaweza kukipaka kwenye mkate. Changu anasema kinamtisha. "Bhoke mwanangu, unaponisalimia mimi nadhani nimekukosea nini." Nikamwambia huko kwetu ndiyo tunabembeleza hivyo. Siku hizi ananisalimia kwa sauti ya kugomba, namwitikia kwa sauti ya kudeka, tunacheka wote.

Kazini, Bibi, wiki ya kwanza nilikuwa kama mtoto aliyeamkia nyumba ya watu. Kila kituo kina namna yake ya kuficha vitu. Kwenye zahanati ya kijijini kwetu glavu zilikuwa kabatini, hapa ziko chini ya kitanda cha kupimia. Ufunguo wa dawa kwetu ulining'inia ukutani, hapa anautunza mhudumu mmoja mfupi, anaitwa Dada Ester, na asipokupenda hutaona ufunguo. Nilimwendea nikamwambia wazi kuwa mimi ni mgeni, sijui kitu, anifundishe. Amenifundisha kila kitu, pamoja na namna ya kuzungumza na kinamama wa kabila la Wanata wasiojua Kiswahili vizuri. Mimi natupa Kikurya, wao wanatupa Kinata, katikati tunakutana. Kuna mjamzito alichelewa kufika kwa sababu tembo walikuwa wamesimama kwenye mahindi njiani na hakuna bodaboda iliyokubali kupita. Alipofika hatukuwa na muda hata wa kumwandikisha jina. Nilimpokea mtoto nimevaa glavu moja! Wa kike, analia kama king'ora. Nilitoka nje nikaruka ruka kama mwehu.

Na nikwambie kilichonifurahisha zaidi. Hapa hakuna aliyenijua. Unakumbuka nilipokuwa najitolea kwenye zahanati ya kijijini? Wazee walikuwa wanaangalia sindano, wananiangalia mimi, wanasema, "Huyu si mtoto wetu?" halafu wanajifunga mashuka yao na kurudi nyumbani na malaria yao. Kila mwanamume mzima alikuwa baba yangu mkubwa au mdogo, na mtoto haoni utupu wa baba yake. Nilisomea uuguzi, nikaishia kupima watoto uzito. Huku nilikuwa nesi tu. Wazee walikuwa wananipa mkono, wananipa kalio, wananiita "daktari." Nikasema moyoni, kumbe dawa yangu ilikuwa ni ugeni.

Ndipo akaja Mzee Chacha.

Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Wanawe walimleta kwenye pikipiki wamemkalisha katikati, amekunja uso, jasho linamtiririka. Mkojo ulikuwa umegoma kutoka tangu jana yake. Tumbo chini ya kitovu limevimba, limekuwa gumu, ukiligusa tu anang'ata meno. Tabibu wetu alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa kumpeleka mama mmoja hospitali ya Mugumu. Tulibaki mimi na Dada Ester. Kazi ilikuwa moja, kumwekea mpira wa mkojo, na mtu wa kuifanya ni mimi. Nilikwisha kuandaa kila kitu kwenye sinia, nimevaa glavu, nimefunga pazia. Mzee akanisikia ninavyoongea na Ester. Akafungua macho.

"Wewe si wa huku. Wewe Mkurya wa wapi?"

Nikafurahi, Bibi! Mpumbavu mimi, nikafurahi kusikia lugha ya nyumbani. Nikamwambia wa Matongo. Akasema hata yeye ni wa Matongo, alihama zamani kufuata malisho. Akauliza, "Wa nani?" Na mimi nikajibu kama ninavyojibu ofisini, kama ilivyoandikwa kwenye vyeti vyangu tangu mwalimu alipong'ang'ania jina la baba siku ya kuandikishwa shule. Nikasema mimi ni Bhoke Mwita.

"Mwita yupi? Yule wa karibu na kisima?"

Nikasema ndiye. Mzee akavuta shuka hadi kifuani. Akasema Mwita alikuwa kaka yake, mtoto wa baba yake mkubwa, kwa hiyo mimi ni binti yake, na binti yake hatamvua nguo hata kama ni siku ya kufa. "Toka, mwanangu. Waite wanangu wanirudishe." Sauti haikuwa ya hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Nimewasikia wazee wakisema hivyo, na nimeona wakirudishwa.

Nilimweleza kwamba kibofu kinaweza kuharibika. Nilimweleza kwamba gari halijulikani litarudi saa ngapi. Wanawe walimsihi pale mlangoni. Ester alimsihi. Akageukia ukuta. Nikasimama na sinia yangu, mikono imelowa ndani ya glavu, na nikawaza, Matongo imenifuata hadi huku. Nikataka kulia. Nikakukasirikia wewe, Bibi, nisamehe, nikakukasirikia kwa kutokuwepo, kwa sababu wewe ungemfokea mzee yule kwa neno moja akanyooka.

Nilipokuwaza wewe ndipo jina lako likaja.

Nikamwambia, "Mzee, nimekujibu vibaya. Mwita alinizaa tu, ni baba wa kwenye karatasi. Mimi ni wa nyumba ya Robi."

Hakugeuka. Akauliza Robi yupi.

"Robi aliyemwoa mama yangu."

Bibi, sijawahi kulitamka hilo mbele za watu. Unajua walivyonitania shuleni, mtoto wa nyumba ya wanawake, mtoto asiye na baba wa kumwita. Hata Mama Zuhura nilipomweleza nyumba ntobhu ni nini, kwamba bibi yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akamwoa mama yangu, ili watakaozaliwa wawe wajukuu zake na nyumba yake isife, nilimweleza kwa sauti ya chini kana kwamba naazima chumvi. Na pale nikalitamka wazi, mlango uko wazi, wanawe wanasikia.

Mzee akageuka polepole. Maumivu yote yale, akanitazama usoni kwa muda. "Robi wa yule ng'ombe mwekundu aliyekataa kuvuka mto?" Nikasema ndiye huyo. Akasema mume wako, marehemu babu, walitahiriwa naye msimu mmoja. Akasema siku ulipotoa ng'ombe wa kumwoa mama yeye alikuwepo, alikuwa mmoja wa waliowaswaga, na yule mwekundu alimkanyaga mguu. Akatoa mguu kutoka kwenye shuka akanionyesha kidole! Kisha akawaambia wanawe, kwa sauti ya mtu anayekata shauri barazani, "Ng'ombe walitoka kwa Robi. Mtoto ni wa Robi. Huyu ni mjukuu wangu."

Halafu akanigeukia. "Sasa wewe mke wangu, umesimama hapo unangoja nini? Unataka mumeo apasuke?"

Nilicheka na machozi yananitoka. Babu na mjukuu hawaoneani haya, wanataniana, na yeye alinitania mwanzo hadi mwisho. Alisema mikono yangu ni ya baridi, alisema mke gani huyu anakuja na mipira badala ya pombe. Mpira ulipoingia na mkojo ukaanza kutoka, alifumba macho akashusha pumzi ndefu, ndefu, na chumba kizima kikashusha naye. Ester alikuwa anabadilisha mfuko huku anaimba.

Alipelekwa Mugumu kwa matibabu zaidi, na aliporudi alipita kituoni ameshika fimbo yake, kanzu safi, kofia. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Hakuniita nesi. Alisimama katikati yao akanyoosha fimbo kwangu, akawaambia, "Mnamwona huyu? Nyumba ya Robi wa Matongo ndiyo iliyonitibu." Kisha akauliza kama kuna maziwa.

Nyumba ya Robi, Bibi. Imesemwa mbele ya Wanata na Waikoma na Wangoreme, na muuza vitumbua mwenye asili ya pwani, maana Mama Zuhura alikuwa foleni kwa ajili ya presha yake. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Matongo wamekaa na jina lako mdomoni. Nilikwenda nyuma ya jengo, kwenye tanki la maji, nikalia vizuri. Kilio changu cha msiba nililia pale. Kule nyumbani nilikuwa nimekaza.

Mama nimempigia nikamsimulia. Akasema, "Huyo ng'ombe mwekundu alikuwa mkorofi kweli." Yuko salama. Kaburi lako amelipandia maua ya njano, mbuzi wakala, amepanda tena, sasa amezungushia miiba. Baba mdogo wa upande wa babu bado anasema niache kutangatanga nirudi nikae, nyumba isije ikabaki na mwanamke mmoja mzee. Zamani ningekuwa na hofu ya maneno hayo. Sasa nimemwambia aende akamuulize Mzee Chacha nyumba yetu iko wapi.

Mkataba wangu wa kwanza unakwisha Ijumaa. Wamenipa mwingine, kituo kilicho karibu zaidi na hifadhi, wanasema fisi wanapita hadi kwenye kamba za kuanikia nguo. Leo mchana nimetia sahihi. Nikacheka tena, kwa sababu ya fahali. Ester amenipa kitenge, Mama Zuhura amenifungia vitumbua vya njiani na amekataa kuniaga, amesema anaaga maiti tu, mimi nitarudi.

Nakuahidi haya, Bibi. Kila mkataba ukiisha nitapita Matongo kabla ya kwenda kwingine. Nitawasha moto jikoni kwako, nitakaa kwenye kigoda chako, nitamsomea Mama majina ya watoto niliowapokea. Na kule niendako sitangoja mzee agomewe na mkojo ndipo niseme ukweli.

Lala salama, bibi yangu mkali, mwoaji wa mama yangu. Uliniuliza nani atasema ulikuwa na nyumba. Jumatatu naripoti kituo kipya. Watanikalisha kwenye benchi, mzee mmoja atanitazama na kuniuliza mimi ni wa nani, na mimi nitamjibu kabla sijavua begi mgongoni.

Mjukuu wako,
Bhoke wa Robi