Tambi Nyekundu Siku ya Idi

Alhamisi, Oktoba 1974. Kingstanding.

Idi imeingia na mvua. Si ile ya kunyesha ikaisha, ni ya hapa Uingereza, inayoning'inia tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga. Watoto wamevaa nguo mpya, wakazifunika kwa makoti ya shule. Idi ikafanana na siku yoyote.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimechoka.

Mume wangu Salim ana kisukari. Kidole cha mwisho cha mguu wake wa kushoto kina kidonda tangu Julai. Daktari amesema sukari isiposhuka kidole kitakwenda, na kidole hakiendi peke yake. Baba yake alianza hivihivi, Unguja. Aliyemwosha yule mzee mpaka mguu ukakatwa, na mpaka akafa, ni wifi yangu Asha, dada mkubwa wa Salim. Ndiyo maana Salim ameniapisha: Asha asijue.

Nikaapa. Mimi huapa upesi, nikajuta polepole.

Tangu hapo nimebadilisha jiko. Mimi nafanya usafi hospitali, Salim yuko kiwandani, na Zuhura, binti yetu mkubwa, ndiye anayewahi kufika nyumbani. Basi kila Jumapili nateleka sufuria kubwa: maharage, karoti, kabichi, kitunguu saumu, nyanya za kopo. Wiki nzima Zuhura anapasha moto tu. Siku nyingine tunakula hivyo hivyo, siku nyingine natia tambi kidogo. Mafuta ni ya zeituni, kichupa cha duka la dawa, ambayo Waingereza huyatia masikioni. Muuzaji ananitazama kwa huruma. Nadhani anaamini nyumba yetu nzima ni viziwi.

Upishi huu ni wa mama yangu. Yeye aliupata kwetu Barawa, jikoni kwa bwana mmoja wa Kitaliano, enzi zao. Alifundishwa kwa mwiko: akikosea chumvi, mwiko wa kiganja. Kovu alikuwa nalo mpaka tunamzika. Nilimwuliza mara moja kwa nini bado anapika chakula cha mtu yule.

"Nyanya hazikunipiga," akasema.

Salim hakuzipenda kamwe tambi hizi za nyanya. Kwao tambi ni za sukari, tui na iliki, na bila hizo si Idi. Hizi zangu huziita tambi za mkoloni. Anazila kwa amri ya daktari, na uso wa mtu anayemeza kwinini.

Leo saa tano wifi Asha akashuka kwenye basi la kutoka Perry Barr, bakuli limefungwa kitambaa, amelikumbatia kama mtoto. Tambi tamu. Na sukari mwaka huu imeadimika, wanawake wa mji huu wanaipangia foleni kama wako vitani. Asha alizunguka maduka matano kupata pakiti mbili. Ametia bila kubana, kwa ajili ya ndugu yake.

Nani atakikataa chakula kama hicho?

Akaiona sahani yangu nyekundu katikati ya meza.

"Wifi, leo Idi, au kuna mgonjwa humu?"

Nikacheka. Ni kicheko kibaya kuliko vyote nilivyowahi kucheka.

Akampakulia Salim mlima. Salim akaikazia macho ile sahani, kwa mapenzi ambayo mimi sijatazamwa nayo tangu Zuhura azaliwe. Kisha akanitazama mimi. Chini ya meza mguu wake umo ndani ya soksi mbili.

Nikisema, nimevunja kiapo. Nikinyamaza, kidole.

Nikaivuta kwangu sahani yake.

Nikasema siku hizi nina hamu ya vitu vitamu, nikaanza kula. Mimi, ambaye kitamu hakinipandi, chai yenyewe nanywa bila sukari. Nikaumaliza mlima, nikapakua wa pili. Zuhura akaniambia kitu kwa Kiingereza kuhusu adabu. Asha akasema makubwa, mume hajaonja, kisha akalitazama tumbo langu na kuanza kuhesabu miezi.

Salim akaisogeza kwake ile sahani nyekundu.

"Niongezee hizi za mama yako."

Miaka kumi na mitatu ya ndoa. Leo ndiyo mara ya kwanza zimepata mama.

Alasiri niliosha bakuli la Asha. Bakuli la watu halirudi tupu, nikalijaza nyekundu, nikamsindikiza kituoni. Njiani nilikuwa nimeshaandaa uongo wa mimba, ya miezi mitatu, akiuliza. Hakuuliza. Aliangalia upande basi linakotokea, akasema kwa sauti ya chini:

"Kidole gani?"

Nikaanza kukaza kitambaa cha bakuli.

"Miaka yote hii sijakuona ukilamba hata asali. Na yeye tangu nimefika anatembea kama baba." Akanishika mkono. "Wifi. Kidole gani?"

Nikanyoosha mguu wangu wa kushoto na kumwonyesha, cha mwisho. Niliapa kutosema, sikuapa kutoonyesha. Mungu ataamua.

Alilia bila sauti, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Akaniomba Salim asijue kwamba yeye anajua. Basi likaja. Alipanda na bakuli lake kifuani, na kabla ya kwenda kukaa akageuka kuniuliza maharage nayaloweka muda gani.

Sasa kaka anamficha dada, dada anamficha kaka, na ghala la siri zao ni mimi.

Jumapili Asha anakuja kujifunza lile sufuria. Mwiko nitamkabidhi yeye.

Sasa hivi nimemvua Salim soksi na kumsafisha kidonda. Hakijapungua. Hakijaongezeka pia.

Kwa mwaka huu, hiyo ndiyo Idi yangu.