Nafasi Kwenye Reli Ndogo

Jumatatu, 20 Novemba 1961

Misumari ya viatu, ile ya kupigilia reli ya mezani, imekwisha tena. Nimetumwa mimi kwenda kuinunua Mabatini. Mimi, nyapara wa gengi, niliyetandika reli za kweli miaka kumi na minne! Zakaria kabaki karakanani, kakaa kitini. Reli ndogo ya sherehe za uhuru kapewa yeye. Meza ya futi kumi na mbili, stesheni ya mbao, mabehewa matano, injini ya kutia ufunguo. Hana hata mwaka kazini. Alikuja kutoka Majita na kisanduku cha nyundo za fundi saa. Stesheni masta kaziona hizo nyundo, basi, wengine wote tukasahauliwa.

Alhamisi, 23 Novemba

Leo kafunga kulabu za mabehewa. Kazipinda kwa waya, kila moja ndogo kama punje ya mtama. Makarani wote wakaacha kazi kuja kutazama. Eti ana mikono ya malaika. Mikono ya malaika! Yangu ina sugu, nani aitazame.

Nina wivu. Acha niandike neno lenyewe, humu hakuna wa kunicheka.

Jumamosi, 25 Novemba

Imetangazwa. Atakayesimama mezani siku ya uhuru na kutia ufunguo mbele ya wageni ni Zakaria. Nilishamwambia mke wangu ni mimi. Kaptula nyeupe imeshapigwa pasi. Alipopata habari akasema, si neno, yule kijana ana adabu. Nikamwambia akampikie yeye basi. Tumenuniana.

Jumatano, 29 Novemba

Zakaria kanifuata kwenye chai. Reli amezikata kutoka mikanda ya chuma inayofungia marobota ya pamba. Akauliza kwa upole: "Kaka Ramadhani, pale reli zinapokutana, niache nafasi au nibane?"

Kila mtu wa gengi analijua hili hata usingizini. Chuma kikipata jua kinarefuka. Usipokiachia nafasi kinapinda.

Nikamwambia: "Ile ni ya mezani tu. Bana."

Akashukuru. Nikamaliza chai yangu. Ilikuwa tamu, sikatai.

Jumamosi, 2 Desemba

Nimepita kuitazama. Kabana kweli, hata ukucha haupiti. Kapaka rangi nyeusi, inang'aa. Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Mara stesheni masta akaingia, akampiga Zakaria begani, akamwita fundi wetu. Mimi akanipita kama mlango. Nikafunga mdomo.

Alhamisi, 7 Desemba

Mvua kutwa. Nimejikuta naomba jua. Mtu mzima, naomba jua ili kijana aaibike. Nilipoanza kuomba nilikuwa nimeshatawadha. Haya basi.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru. Jua lile nililoliomba.

Meza iliwekwa uwanjani Nyamagana tangu asubuhi, bila kivuli. Bendera mpya, ngoma, watu mpaka barabarani. Zakaria kavaa nyeupe. Wageni walipofika mezani ilikuwa karibu saa sita. Akatia ufunguo. Injini ikazunguka vizuri upande wa kwanza. Upande wa pili reli zilikuwa zimevimba mgongo, misumari imeng'oka. Injini ikapanda, ikaanguka, mabehewa yakaifuata chini. Watoto wakacheka. Mgeni mmoja mkubwa naye akacheka.

Nilingoja furaha. Haikuja.

Stesheni masta akafoka, nani kamfundisha kubana hivi? Nikajua nimekwisha. Zakaria akasema, "Kosa langu, bwana. Sikuuliza." Hakunitazama hata mara moja.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimepewa. Niitengeneze upya, watoto wa shule wanakuja Jumamosi kuiona, na mezani nitasimama mimi. Stesheni masta kasema ningepewa tangu mwanzo. Maneno hayo nimeyangoja wiki tatu. Nilipomweleza mke wangu akauliza, na Zakaria je? Amerudishwa kupakia mizigo. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 12 Desemba

Nimeanza kung'oa. Kazi ya polepole. Chini ya reli ya kwanza nimekuta matundu mengine ya misumari, yamezibwa kwa nta na unga wa mbao. Nikadhani alikosea kipimo. Reli ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Nikaiweka moja juu ya matundu yake ya zamani, kisha jirani yake. Katikati yao ikabaki nafasi. Ndogo, sawasawa, kama ambavyo ningeiacha mimi.

Meza nzima ni hivyo. Alishamaliza kupigilia, ndipo akaja kuniuliza. Alikuwa amepatia. Akang'oa yote, moja moja, kwa sababu mimi nilisema abane.

Saa nne kapita mlangoni, gunia begani. Akasema, "Shikamoo, kaka."

Nikainama, nikaanza kuchokoa nta kwenye tundu la kwanza.