Tonge la Tatu

Dessie, wiki ya tatu baada ya Sikukuu ya Msalaba

Dada yangu Dinknesh,

Salamu nyingi. Goti la shemeji linaendeleaje? Na wale pacha, bado wanakunyima usingizi? Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma.

Uliponiandikia nimchunge mume wangu Getaneh, nilimchunga kama maziwa jikoni. Akiwa kwenye mtambo wake wa kufuma, jirani yetu Alganesh akipita tu, Getaneh anafumba jicho moja. Nikajua anamkonyeza. Akitoka kunyoosha miguu, anarudi anapepesuka, ulimi mzito. Nikamnusa mdomo, sikupata harufu ya pombe. Badala ya kutulia, nikasema kumbe amekuwa fundi wa kuficha.

Kilichoniuma zaidi ni gursha, lile tonge la kulishana kwa mkono. Miaka kumi na tisa ya ndoa, leo anakwepa tonge la mkono wangu! Nikamwuliza huyo Alganesh anamlisha nini hata mkate wangu wa injera haumpiti kooni. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, “Mke wangu, wivu wako ungekuwa pilipili, tungefungua duka.” Hata kicheko kile nilikiona cha dharau.

Siku ya Msalaba nyumba ilijaa, Alganesh akiwemo. Nikaamua kumpima hadharani. Si unajua wazee wetu husema tonge moja huleta ugomvi, la tatu ndilo pendo? La kwanza alilimeza kwa shida. La pili likamkohoza hadi machozi. La tatu nikalifinyanga kubwa, wageni wakishangilia. Akanitazama kwa jicho moja, akafungua mdomo. Akapaliwa, akaanguka.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Ana uvimbe kwenye shina la ubongo, panapoongoza macho, ulimi, kumeza na mizani ya mwili. Alikuwa akiona kila uzi mara mbili, ndiyo maana alifumba jicho, Alganesh apite asipite. Mimi nilimtazama jicho pale tu Alganesh alipopita. Alinificha kwa kuogopa kukosa kazi. Daktari anasema kuukata ni hatari, atatibiwa kwa mionzi Addis Ababa, na kupona hakuna anayeniahidi.

Sasa analishwa kwa mrija wa puani. Dada, naungama kwako: tonge lile halikuwa la mapenzi. Nilitaka aumbuke. Naye humsimulia kila mgeni, kwa sauti inayokwaruza, kwamba koo lilishafunga, lakini asingekataa pendo la mkewe mbele za watu. Kisha hunishika mkono. Sijamwambia.

Nisalimie shemeji na pacha. Na mwambie mama aache kumwita mlevi. Neno hilo nililitoa mimi.

Mdogo wako,
Yeshimebet