Kobe wa Mwisho Relini

Nyumba za Reli, chumba cha tatu
Jumapili asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mko wazima, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi tangu daktari akubadilishie dawa. Huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana. Amenenepa, lakini anasingizia fulana kwamba ndizo zinazorudi zikifuliwa. Paa la jikoni tumeliziba, sasa tunapika bila kukinga beseni.

Baba, kwenye simu nilikugusia tu habari za lile behewa. Leo nina nafasi, acha nikueleze vizuri.

Huyo Bwana Namba niliyekutajia ni karani mstaafu wa mizani. Kila asubuhi hukaa kwenye benchi la zege kando ya daraja la waenda kwa miguu, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, na kuandika katika daftari kila behewa la kale linalopita likiwa bado kazini. Nikitoka zamu ya kukagua mabehewa tunalinganisha tulichoona. Yeye ameshaona tangi la misumari ya ribiti lenye ngazi upande mmoja tu. Mimi nimeona behewa la chumvi ambalo mlango wake uko juu, si ubavuni. Watu hutucheka. Mkewe husema laiti naye angekuwa na magurudumu manane, huenda mumewe angemtazama.

Basi siku moja, mwezi uliopita, alikuja kwenye geti la yadi akitweta. Akaniambia, "Kobe yuko hai!" Nilidhani jua limemchoma utosini. Akanifungulia daftari, na namba niliyoisoma ilikuwa ya mojawapo ya yale mabehewa ishirini na manne mliyoyaunda karakanani mwaka niliozaliwa, yenye paa lililobinuka, ambayo nyinyi wenyewe mliyaita Kobe. Mkuu wa yadi alikuwa akituambia kwamba yote yalishayeyushwa zamani.

Siku ya nne baada ya hapo Kobe akaingia yadi yetu, wa kumi na tisa kutoka kwenye injini, amebeba saruji. Nilimtambua kabla hajasimama. Rangi imembabuka na mlango mmoja si wa kwake, lakini ribiti zimekaa mstari mmoja kama meno ya chanuo. Nikakwangua rangi kwenye fremu ya mlango, pale ulipowahi kunieleza kwamba kila fundi alipiga alama yake kwa patasi. Yako ilikuwepo: mistari miwili na nukta. Nilitokwa na machozi mchana kweupe, hata mfunga mabehewa akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamjibu sijafiwa, nimekutana na ndugu yangu.

Hapo ndipo nilipokupigia simu. Ukasema, "Kumbe sikufanya kazi bure." Halafu ukamwita Mama aje asikie.

Hayo unayajua. Yaliyofuata nilikuficha.

Baada ya simu nilirudi kumaliza ukaguzi. Nikaingia chini ya Kobe na tochi, nikaona ufa kwenye chasisi, ile fremu ya chini, nyuma ya ekseli ya pili ya magurudumu, urefu wa kidole. Nikagonga kwa nyundo. Sauti ilikuwa butu, kama chungu kilichopasuka. Baba, ni wewe uliyenifundisha kuisikia sauti hiyo, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilipaswa kuandika alama ya kukataa kwa chaki na kumtoa kwenye treni. Lakini nilijua Kobe akitolewa harudi tena, maana vipuri vyake havipo popote, na wewe ndiyo kwanza umetoka kufurahi. Nikajiambia chuma cha zamani ni kigumu, safari moja haitamwua. Nikaweka sahihi kwamba ni mzima.

Dereva alikuwa yule mama wa sauti kubwa aliyetuchezea harusini. Alipita akanipungia mkono dirishani. Nilimpungia. Nikakaa kibandani, chai ikapoa mbele yangu, nikiwaza ule mteremko mrefu ulioko mbele yake. Kwa karibu saa mbili nzima nilikaa vile vile, Baba. Ndipo nikaenda kwa mkuu wa yadi nikamwambia, "Mzee, nimepitisha behewa bovu, na nilijua." Hakunigombeza. Alichukua simu tu, akaamuru treni izuiwe.

Treni ilisimamishwa kwenye stesheni ya juu ya mteremko. Ule ufa wa kidole ulikuwa umefika shubiri. Hakuna aliyeumia. Dereva aliporudi alinitafuta, akaniambia ana watoto watatu, akaondoka. Hajanisemesha tena, na simlaumu.

Kwa hiyo si kweli, kama nilivyokuambia, kwamba niliomba kuhamia stoo kwa sababu ya mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Nimevuliwa ukaguzi, na ni haki. Sasa nagawa bolti na viatu vya breki, na mwaka ujao watanipima tena kama nafaa kushika nyundo. Bwana Namba nilimweleza mwenyewe. Yeye aliyemtamani Kobe kuliko mtu yeyote akaniambia angemkataa palepale, na kwa wiki nzima akabadili benchi.

Alhamisi wakataji wa chuma walikuja kumkatakata Kobe. Mkuu wa yadi aliniruhusu kusimama pale. Bwana Namba naye alikuja, akasimama kando yangu. Walianza na paa. Ribiti zako ziliwasumbua, Baba. Hadi saa saba walikuwa hawajamaliza ubavu mmoja, na msimamizi wao akauliza ni nani aliyezipiga. Nikamwambia ni baba yangu. Akavua kofia, akajifuta jasho, akasema waongeze mtungi mwingine wa gesi.

Sitaki unijibu kwa simu. Nitakuja mwisho wa mwezi, nikae mbele yako, uniambie utakalo.

Mpe Mama mkono wangu, na majirani wa ukuta wa pili pia. Usipande ngazi na goti hilo.

Ni mimi,
kitindamimba wako